Makoti Kabla ya Mtihani

Kila mwaka makoti ya shule ile ya kilimani yalishonwa katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na kila mwaka utaratibu ulikuwa uleule. Kwanza mtihani wa kujiunga, kisha majibu yabandikwe getini, ndipo waliofaulu waje kupimwa. Nembo za kubandika kifuani zilitoka shuleni kwenyewe, zimedariziwa kwa uzi wa dhahabu, zimefungiwa ndani ya bati la biskuti. Zilikuja sawasawa na nafasi za wanafunzi wapya, bila hata moja ya akiba, asije mtu akajishonea koti la shule ile na kulivaa mtaani. Ukiunguza nembo kwa pasi, unarudisha iliyoungua ndipo upewe nyingine.

Mwaka huu bati lilikuja mapema. Mwalimu mkuu alikuwa anastaafu, na alitaka picha ya kuagana akiwa amezungukwa na wanafunzi wapya ndani ya makoti yao. Basi watoto wakaanza kuletwa kupimwa, na mtihani bado haujafanywa.

Fundi mpimaji alikuwa mwanamke mmoja mkimya, na ukimya wake ulizidi tangu alipomzika dada yake. Mtoto wa kwanza alimpima bila kuuliza. Wa pili vilevile. Alipokuja mama mmoja mwenye manukato yaliyotangulia mlangoni kabla yake, akashindwa kujizuia.

"Mtihani si Jumamosi, mama?"

"Ataufanya, ndiyo. Lazima aonekane amekaa na wenzake." Yule mama akacheka. "Babu yake kasoma pale, baba yake kasoma pale, na bwawa la kuogelea pale ni sisi tuliolichimba. Wewe pima tu, dada. Mwachie nafasi mabegani, huyu anarefuka kama mwanzi."

Mtoto alikuwa amenyoosha mikono kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. "Mama, na nikifeli?"

"Hufeli wewe. Simama wima."

Fundi alikuwa na pini midomoni, na ikawa heri. Bila zile pini angesema neno ambalo lingemfukuzisha kazi palepale.

Nyumbani alikuwa na wake wa kuufanya mtihani huohuo, binti wa marehemu dada yake. Wote walimwita Chiriku kwa sababu hata hesabu alizifanya kwa kelele, akizigombeza zinapomkatalia. Mwaka mzima alikuwa amesoma kwenye meza ya jikoni, akiandika nyuma ya karatasi kuukuu za kukatia ruwaza za nguo ambazo mama yake mdogo alimletea kutoka kazini. Shule ile ndiyo aliyoitaja dada siku za mwisho hospitalini, alipokuwa amevimba miguu na sauti imebaki nyembamba kama uzi. "Msijisumbue na kaburi. Mtoto wangu mfikishe pale." Na fundi akaapa, mkono wa dada ukiwa ndani ya mkono wake.

Ijumaa mchana alishona nembo ya mwisho. Akaligeuza bati, akaligonga kwa kiganja. Tupu.

Mwenye duka alikuwa akikagua makoti. Walimwita Bwana Pindo, kwa kuwa hakuna pindo lililowahi kumpendeza.

"Bosi, nembo za watakaofaulu kesho ziko wapi?"

"Nembo ni hizohizo. Pindo hili limepanda, lione."

"Zimekwisha. Kila moja imeshapata mwenyewe."

"Basi kazi imekwisha, tumshukuru Mungu."

"Bosi, mtoto wa dada yangu anafanya mtihani kesho. Anakwenda kugombea nini?"

Bwana Pindo alivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya shati. "Sikiliza. Sisi ni watu wa sindano. Mambo ya shule waachie wenye shule. Tena kesho si unampeleka mtoto? Pita na mzigo huu wa makoti. Geti la nyuma, mwalimu mkuu mwenyewe atapokea."

Usingizi ulimpaa. Alitaka kumwambia mtoto, akaona hawezi. Alitaka kumwambia marehemu, na huyo ndiye hakuwa na namna ya kumwambia.

Asubuhi foleni ya wazazi ilikuwa imeufuata ukuta wote wa shule mpaka kwenye kona. Kulikuwa na baba mmoja fundi magari, amevaa shati jipya lakini kucha zimebaki na grisi, anamfunga binti yake kamba za viatu. Kulikuwa na mama anamlazimisha mwanawe kula yai. "Kula, ubongo unataka nguvu!" Fundi aliwatazama, marobota mawili ya makoti miguuni pake. Hakwenda geti la nyuma. Alifungua robota la kwanza, akatundika koti kwenye nondo za uzio kando ya geti, mbele ya foleni. Akatundika la pili. La tatu.

"Mama mdogo, unafanya nini?" Chiriku akanong'ona.

"Naanika."

Uzio ulipojaa makoti, nembo za dhahabu zikimeta juani, fundi magari alisogea. "Dada, haya ni ya nani?"

"Ya wanafunzi wapya. Nimeyashona mimi. Nafasi zote zimeshavaliwa. Geuza kola usome."

Ndani ya kila kola kulikuwa na lebo yenye jina la mtoto, kama shule ilivyotaka. Fundi magari akasoma moja, akasoma ya pili, akasoma ya tatu kwa sauti.

"Huyu ni mtoto wa yule wa benki!"

"Na huyu mjukuu wa jaji!"

"Mwongo huyo, ana wivu tu," alifoka mama wa yai. "Anataka watoto wetu wakate tamaa wake apite!"

"Na hili jina unalisoma au hulisomi?" fundi magari akamsogezea kola puani. Yule mama akasoma. Yai lililobaki likamvunjikia mkononi.

Mwalimu mkuu alitoka mbio, miwani ikimrukaruka kifuani kwenye mnyororo wake. Hakuwaangalia wazazi. Alimshika fundi kiwiko, akamvuta pembeni, Chiriku akifuata nyuma.

"Mama, unatuvunjia heshima. Huyu ni wako? Anafanya mtihani?" Akashusha sauti. "Yashushe haya, sasa hivi, useme ulikosea. Mtoto wako ataingia. Nakupa neno langu."

"Ataingia kwa nafasi ya nani?"

"Hilo niachie mimi. Nafasi hutafutwa."

Fundi akahisi mkono mdogo ukimbana vidole. "Kubali, mama mdogo," Chiriku alisema, macho yamemtoka. "Kubali, tafadhali."

Akaona sura ya dada yake, hai kabisa. Mkono wake mwenyewe ukanyooka, ukashusha koti la kwanza kwenye uzio. Likawa zito kana kwamba limelowa. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea, na tabasamu lile ndilo lililomwasha fundi moto. Mwaka mzima mtoto ameambiwa nafasi hakuna ila kwa kalamu. Kumbe zipo, zinatoka mdomoni mwa mtu mmoja pembeni ya ukuta.

Akaligeukia lile kundi la wazazi.

"Jamani! Mwalimu mkuu anasema nafasi hutafutwa! Amenipa moja hapa, bila mtihani, ili ninyamaze! Mwulizeni na ninyi awatafutie!"

Foleni ikavunjika. Wazazi walimvamia mwalimu mkuu kwa pamoja, wengine wakimtukana, wengine wakimsihi, na mama wa yai, aliyekuwa akimtetea, ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote, "Na wangu, mwalimu! Na wangu!" Walinzi wakafunga geti. Kipaza sauti kikatangaza kwamba mtihani umeahirishwa.

Chiriku alikuwa ameuchomoa mkono wake.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Alishanipa. Umeigawa kwa watu wote na hakuna aliyeipata!"

"Ndiyo."

"Mama angekubali."

Fundi alilitazama koti lililobaki mkononi mwake, mishono yake mwenyewe, imenyooka.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mama yako angekubali."

Akalirudisha kwenye uzio, akaligeuza kola nje.