Vugo la Kumtetea Faraj

Siku Faraj alipofungwa miaka saba, mji mzima ulisema kastahili. Mimi, niliyejua kwamba hakustahili hata siku moja, nilikuwa jikoni nakuna nazi kwa hasira, kama kwamba ile nazi ndiyo iliyomhukumu.

Faraj alikuwa mpiga zumari. Mji wa Kale haukuwa na ngoma ya wanawake isiyomtaka. Hukaa nyuma ya pazia, hatupi jicho upande wetu, akimaliza hula haluwa yake akenda zake. Mwaka ule wa arobaini na nne vita havijesha na nguo ilikuwa adimu. Ghala moja karibu na bandari ya kale likaibiwa majora ya nguo siku ya Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri, wakati watu wamejinyosha kwa joto. Askari walipopekua nyumba, kwa Faraj walikuta pande la hariri jipya.

Mahakamani akaulizwa, nguo umeipata wapi? Akajibu, nimetunzwa kwa zumari yangu. Nani aliyekutunza? Kimya. Jumatano adhuhuri ulikuwa wapi? Kazini. Kazini nyumba gani? Kimya tena. Basi akafungwa, akapelekwa Ngomeni, gerezani.

Alikuwa kwangu! Hariri nilimtunza mimi kwa mkono wangu, kutoka sanduku langu. Lakini mume wangu ni Mwalimu Jamaldin, mwenye chuo cha Kurani, aliyepiga marufuku ngoma nyumbani kwake na akaisemea vibaya kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza. Wiki ile alikuwa amekwenda Malindi mazikoni. Paka akiondoka, panya hutawala: nikaalika wenzangu kumi na wawili, tukacheza mpaka miguu ikatuuma, kisha tukaapishana kwamba neno halitatoka mlangoni. Faraj naye kutoka nyuma ya pazia akasema, "Stara yenu ni stara yangu, mama zangu." Akaishika ahadi yake, maskini, mpaka mbele ya hakimu. Nilimpenda kwa heshima ile, na kwa heshima ile ile nilitaka kumzaba kofi.

La kuchoma zaidi ni kwamba hakimu alimwita Jamaldin, mzee wa mji, atoe maoni yake. Jamaldin akasema mtu wa ngoma hana neno la kuaminiwa. Alirudi nyumbani akanihadithia huku anakula samaki, ameridhika.

Siku tisa nilinyamaza. Siku ya kumi alikuja jirani yangu Mwikali, mtu wa bara, niliyekuwa nikishona naye kofia za kuuza. Mumewe, Joab, alikuwa karani wa wakili wa Faraj.

"Rufani yataka kuandikwa kabla ya siku kumi na nne kwisha," akaniambia. "Joab asema hana hata shahidi mmoja. Mtu akitokea akaapa Faraj alikuwa wapi, kesi yaamka. Asipotokea, basi."

Sindano ikanichoma kidole. Siku nne tu!

Nikawakusanya wenzangu. Wote wakaruka. "Weye wataka tuachwe?" akauliza mmoja. Ni Tumu tu, mwimbishi wetu, aliyefikiri. Ilikuwa Shaabani, mwezi wa harusi, na kila harusi ina vugo lake, wanawake kutembea mitaani alasiri wakigonga pembe na kuimba. Vugo halizuiwi na mtu, na likishasema, mji husema.

"Tutatia fumbo," akasema Tumu. "Mji utafahamu wenyewe."

Fumbo ndiyo ada ya vugo. Mtu hatajwi jina, husemwa kwa mbali na mwenye kuelewa akaelewa. Basi kesho yake tukaimba:

*Ndege yu kwenye kitundu, tunda kalila mwengine!*

Salaala! Mji ulichangamka, lakini kombo. Kibokoni wake wenza wawili walikamatana nywele, kila mmoja adai ndege ni mume na tunda ni yeye. Tajiri mmoja wa Kuze alituletea mjumbe aape kwamba yeye hajala tunda la mtu. Mpaka magharibi watu walikuwa wameshapata ndege saba na hakuna hata mmoja aliyeitwa Faraj. Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli.

Siku ya kumi na tatu palikuwa na vugo la mwisho. Nilimwambia Tumu, "Leo nipisha mbele."

"Utaimba nini?"

"Nitakaloimba utalisikia weye na Mombasa nzima."

Tulikuwa wanawake kama mia, buibui tupu, pembe zinalia ko-ko-ko, vigelegele vinapanda mpaka madirishani. Moyo ulikuwa ukinienda mbio hata nikahisi pembe zinaufuata wenyewe. Tulipofika msikitini, Jamaldin alikuwa ameketi barazani na wazee wenzake baada ya sala. Vugo huwa halisimami. Mimi nikasimama pale pale mbele yao, na nyuma yangu wote wakagongana wakasimama.

*Jumatano adhuhuri, zumari yali yalia,*
*Kwa Mwanakuu, si siri, Faraji katupijia.*
*Nguo ile ya hariri, mimi nimempatia.*
*Kama kusema hatari, na iwe, nimeridhia!*

Pembe zilinyamaza. Ndani ya buibui hakuna anayejua nani ni nani, na ndiyo raha ya vugo. Mimi nikaivua raha ile: nikafunua uso.

"Ni miye Mwanakuu," nikasema. "Na Faraj hakuiba kitu."

Wazee wakatazama chini kwa haya. Jamaldin hakutazama chini. Alinitazama mimi, na sitasahau jinsi uso wake ulivyokuwa ukibadilika rangi.

Ndipo Tumu, Mungu amlipe, akafunua uso wake. "Nami nalikuwako!"

"Na miye!" "Na miye!" Sauti zikatoka huku na huku, mpaka wote kumi na wawili wakatimia. Kisha zikazidi! Hata Mahfudha, aliyekuwa kitandani na homa Jumatano ile, akapaza sauti kwamba alikuwako.

"We Mahfudha, nyamaza!" nikamwambia. "Twataka mashahidi wa kweli, hatutaki wa mapenzi."

Watu wakaangua kicheko na woga ukavunjika, maana baada ya kicheko kile hapakuwa na wa kutunyamazisha. Jamaldin aliinuka, akavaa viatu, akaenda zake nyumbani, nyuma tu ya msikiti. Nilisikia komeo likigongwa.

Basi twende Ngomeni! Harusi ilisahauliwa, bibi arusi atusamehe. Wachukuzi walitua mizigo wakatufuata, wauza kahawa wakatufuata na madele yao, na habari ilifika Mwembe Tayari kabla sisi hatujafika gerezani. Chini ya ukuta ule mkubwa tuliimba beti zile mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Wanaume waliokuwa jana wakisema kastahili leo walikuwa wakiitikia. Mara ndani ya ukuta wafungwa wakaanza kugonga sahani zao, wanafuata pembe zetu! Nilipiga kigelegele nisichokipiga hata siku ya harusi yangu. Askari mlangoni hakujua la kufanya, akawa anatikisa kichwa kwa mdundo.

Giza lilipoingia nilirudi nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha mara tatu, hakuna jibu. Nikalala kwa Tumu, na sitasema kwamba nililala.

Asubuhi, siku ya kumi na nne, Ndia Kuu ilikuwa haipitiki. Mbele ya afisi ya wakili walijaa watu waliotaka kusikia, na wenzangu kumi na wawili walipangana ukutani wakingoja zamu zao. Joab aliniweka kitini, akatengeneza karatasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na kikohozi cha wasiwasi.

Nikasema yote, saa tuliyoanza, saa tuliyokwisha, hariri, pazia, haluwa. Joab anaandika. Kisha akainua kalamu.

"Bibi, hapa yatakiwa jina la mwenye nyumba ngoma ilipopigwa. Hakimu hataikubali hati bila ya jina hilo."

Hapo ulimi ulinisaliti. Jina langu nilikuwa nimekwisha kulimwaga mitaani, lakini lile halikuwa langu. Lilikuwa jina la chuo, la msikiti, la baba yake na babu yake. Nilijua likiandikwa pale litasomwa mahakamani mbele ya wale wale aliowaambia mtu wa ngoma hana neno. Na bila ya jina lile, Faraj ana miaka saba.

"Bibi?" akasema Joab.

Nje kelele zilikatika ghafla. Watu mlangoni walijitenga, na Jamaldin akaingia. Kanzu yake ilikuwa ile ile ya jana, macho mekundu, kilemba kimekaa upande. Hakunitazama. Alikwenda mpaka mezani akasimama mbele ya Joab, kama mwanafunzi wake mwenyewe anayesomeshwa herufi.

"Nyumba ni yangu," akasema. "Andika. Jamaldin bin Abdulhalim."

Kalamu ikakwaruza.

"Na andika tena kwamba mimi ndimi niliyemwambia hakimu neno la Faraj haliaminiki. Andika kwamba nalikosa."

Joab akaandika na hilo. Jamaldin akavuta kiti, akaketi kando yangu mbele ya mji wote.

"Haya, mke wangu," akasema. "Malizia."