Mlio wa Gari Lililouzwa

Jioni ya kwanza Mama Meno aliporudi na gari la umeme, nusura amuue baba yake kwa mshtuko. Aliegesha uani, akafungua mlango, akamgusa mzee begani kama kawaida yake. Mzee akaruka kitini, kikombe kikaenda zake sakafuni.

"Umeingiaje?" akauliza, mkono kifuani. "Umeshuka na mwavuli?"

"Nimekuja na gari, baba. Lile jipya."

"Hilo si gari. Hiyo ni tabia ya mwizi."

Jina la Mama Meno alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa alikuwa fundi wa meno ya bandia katika kliniki moja upande wa pili wa mji. Mtoto hakuwa naye, mume hakuwa naye. Alikuwa na baba. Baba mwenyewe alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, enzi zile za kuchomeka waya kwa mkono, na presha ya macho ilipomnyang'anya nuru hakubabaika sana. Masikio yake yalikuwa yameshazoea kazi. Alimjua mpita njia kwa jinsi anavyoburuza viatu. Alijua maji yamebaki kiasi gani kwenye birika kwa kulitikisa tu.

Na mwanawe alimjua kwa gari. Lile la zamani lilikuwa haibridi ya kuchaji: usiku unalichomeka ukutani kama pasi, asubuhi linaondoka kwa umeme, na umeme ukiisha injini ya petroli inapokea. Kwa safari ya Mama Meno umeme uliisha palepale kila siku, kwenye mlima mfupi wa kuingilia mtaani kwao, saa kumi na moja kasoro dakika tano. Hapo injini ilikohoa mara mbili, kisha ikashika. Mzee akisikia kikohozi hicho, alibonyeza swichi ya birika. Binti akivua viatu mlangoni, maji yanatokota. Miaka sita walikwenda hivyo.

Lakini gari lile lilikuwa limemchosha. Lina matumbo mawili, alikuwa akilalamika. Moja linalishwa kituo cha mafuta, la pili linalishwa ukutani, na bado unabadilisha oili ya injini inayofanya kazi dakika kumi kwa siku. Kliniki ilipoweka nguzo ya kuchajia, akakata shauri. Tarehe sita akalipeleka la zamani kwa dalali wa magari, akarudi na la umeme mtupu.

Alilipenda kwa kila kitu isipokuwa saa. Umeme wa soketi ya nyumbani gari liliunywa kama mgonjwa anywavyo uji; usiku kucha halijai hata nusu. Fundi umeme aliyeahidi kuja kuvuta waya mnene akawa mtu wa kesho na kesho kutwa. Ikabidi achaji kazini, na mbele yake palikuwa na madaktari wawili wenye magari kama lake. Zamu yake ilipofika na kwisha, wenzake walikuwa wameshaondoka. Nyumbani akawa anafika saa kumi na mbili na nusu.

Tarehe tisa, akiwa amejifunza, aliita kwa sauti tangu getini ili asimshtue mzee. Alipoingia akamkuta amekaa mezani, na mezani pana vikombe viwili. Kimoja cha mzee. Cha pili kilikuwa mahali pake yeye, kimejaa, kimepoa, chai imefanya utando juu.

"Ulitoka tena kwenda wapi?" mzee akauliza.

"Kutoka? Ndiyo kwanza naingia."

"Acha mzaha. Umefika saa zako. Gari limekohoa mlimani, nikaweka maji, nikakufungulia. Ukaenda kusimama pale dirishani, neno hukusema, chai hukugusa. Nikajisemea, leo kuna aliyemuudhi kazini."

Mama Meno akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. Mzee ana miaka sabini na tisa. Sikio limezoea, akajiambia, sasa linajisikilizia lenyewe. Akamwaga ile chai kwenye sinki.

Kesho yake akaimwaga tena, na siku iliyofuata. Kila jioni kikombe kilikuwa pale, kimejaa, kimepoa. Akazoea kuimwaga bila kuuliza, kama mtu anayefunga bomba linalovuja. Hata ilipotimia wiki ya pili, jioni moja alipokinyanyua kikombe, kilikuwa chepesi. Kimenywewa mpaka chini.

Mzee hanywi vikombe viwili. Kibofu chake hakimruhusu, na yeye mwenyewe husema hivyo bila haya. Mama Meno akakagua milango. Hakuna kilichoguswa, hakuna kilichopotea. Ila mto wa kiti chake ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Siku chache baadaye alikuwa akimnawisha mzee mikono kabla ya kula, akaona kucha zake. Zimekatwa. Yeye humkata kwa mraba, haraka haraka. Hizi zilikuwa za duara, zimepigwa tupa, safi kama za bwana harusi.

"Nani amekukata kucha?"

"Zimekatwa jana."

"Na nani, baba?"

Mzee akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta. "Na mtu mwenye mikono ya baridi," akasema, kisha akaongeza sauti ya redio.

Usingizi ulimpaa Mama Meno. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, na saa kumi na nusu akawa ameegesha upande wa pili wa barabara, mkabala na geti lao. Kwa mara ya kwanza aliuona ukimya wa lile gari kuwa na faida: baba yake alikuwa hatua thelathini kutoka hapo, na hakujua kama mwanawe yupo. Akateremsha kioo, akangoja. Mtaa ulikuwa mweupe kwa jua. Jirani alikuwa akianua nguo.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, mlimani, injini ilikohoa. Mara mbili. Ikashika.

Lilikuja polepole, gari lake mwenyewe, na mbonyeo uleule mlangoni aliousababisha kwa kugonga nguzo ya geti. Likaingia uani, likasimama pale lilipokuwa likisimama miaka sita. Akashuka mwanamke mwembamba wa makamo, amevaa sweta la kijivu. Akavua viatu, akaviweka pembeni ya mlango, kushoto, mahali ambapo Mama Meno huweka vyake. Kabla hajabisha, mlango ukafunguka, na sauti ya mzee ikasikika: "Umefika?"

Mwanamke hakujibu. Akaingia.

Mama Meno alizungukia mlango wa jikoni. Kutoka jikoni aliwaona. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha Mama Meno, ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mzee anamhadithia habari za mtu aliyekuwa akipiga simu kila siku kumuuliza opereta ni saa ngapi. Mwanamke akainua macho, akamwona. Hakushtuka. Akaweka kidole mdomoni.

Na Mama Meno, kwa sababu ambayo hata leo haijui, akanyamaza kweli. Wakatazamana hivyo, wote wawili wamebana pumzi.

"Leo mko wawili," mzee akasema.

Akanusa hewa.

"Mmoja ni mwanangu, nasikia harufu ya plasta ya meno. Kaeni basi. Mnasimamiana kama polisi."

Ndipo yule mwanamke akaweka kikombe chini, akaanza kulia bila sauti. Alikuwa mkutubi, akasema alipoweza kusema. Alinunua gari kwa dalali, na siku hiyohiyo akiwa njiani akabonyeza alama ya kijumba, ile ya 'nyumbani', kwenye kioo cha ramani, aone tu itafanya nini. Gari likaanza kumwelekeza. Geuka kulia, geuka kushoto. Likamleta hapa.

"Nilitaka kugeuza nirudi," akasema. "Mlango ukafunguka. Baba akaniambia, 'Leo umekuja mapema kuliko jana, hata maji hayajachemka.' Ningemwambia nini, dada? Kazini kwangu hatuongei, ni maktaba. Nyumbani naishi ghorofa ya tatu peke yangu, hata waya wa kuchajia haufiki chini. Hajawahi mtu kuniwekea maji. Kila siku nilisema leo nitasema."

"Umemkata baba yangu kucha!" Mama Meno alifoka.

"Zilikuwa ndefu," mkutubi akasema kwa aibu.

Mzee akakohoa kuficha kicheko. Mama Meno akamgeukia. "Na wewe! Ulijua si mimi?"

"Miaka thelathini nimekaa kwenye simu. Nishindwe kumjua mwanangu kwa pumzi? Lakini amekuja kwa mlio wako. Nimfungie nje?"

Hasira ikaanza kumpungua Mama Meno, na ilipopungua akili ikapata nafasi. Akahesabu.

"Tangu tarehe tisa unakuja humu," akamwambia mkutubi.

"Hapana, dada. Nimelinunua tarehe ishirini."

"Tarehe tisa. Chai nilimwaga mwenyewe."

Mkutubi akatoa karatasi za gari mkobani. Tarehe ishirini, na muhuri. Mama Meno akampigia dalali hapohapo, akaweka sauti ya juu. Dalali akasema gari lile lilikaa uwanjani kwake siku zote hizo, waya wa betri ameuchomoa, limezibwa na magari mengine mbele na nyuma. "Halikusogea hata shubiri, mama. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna," Mama Meno akasema, akakata simu.

Mkutubi alikuwa amejikunyata ndani ya sweta lake.

"Baba," Mama Meno akaita taratibu. "Kabla ya huyu."

"Kabla ya huyu alikuwa mwingine," mzee akasema, kama anayetaja hali ya hewa. "Siku mbili tatu nilidhani ni wewe umenuna. Halafu nikasikiliza vizuri. Pumzi hana. Hakukaa hata siku moja, na chai hakunywa. Alisimama tu mpaka wewe unapofika, kisha hayupo."

"Na ukawa unamfungulia?"

"Mlio ulikuwa umeshafika uani, mwanangu. Huyu alipoanza kuja, yule akaacha."

Mkutubi aliinuka kutaka kuondoka, na Mama Meno ndiye aliyemshika mkono, akamrudisha kitini. Ulikuwa wa baridi kweli. Jioni ile walikaa watatu mpaka taa za barabarani zikawaka, na kabla ya kwenda mkutubi akamwamkia mzee kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti yote hiyo nene, ukaificha siku zote! Kwa hatua zako nilidhani wewe ni ndege."

Wiki iliyofuata fundi umeme alikuja hatimaye, akavuta waya, na Mama Meno akawa anafika nyumbani saa zake za zamani, akiimba tangu getini asikike. Kwenye ile haibridi walifuta anwani ya kijumba. Hata hivyo mkutubi anakuja Jumanne na Jumamosi, na njia anaijua.

Miezi mingi baadaye, Jumamosi moja, alileta habari nyingine. Amechoka na petroli, amechoka na oili, na kazini kwao pia wameweka nguzo ya kuchajia. Anafikiria kuliuza, achukue la umeme mtupu. "Wewe umeishi na yote mawili, dada. Unanishaurije?"

Kliniki nzima inajua jinsi Mama Meno anavyolisifia gari la umeme. Ameshawashawishi watu watatu wakanunua. Akafungua mdomo. Akamwona baba yake ameacha kutafuna, anasubiri, akazikumbuka zile jioni gari lilipokuwa kwa dalali.

"Kaa nalo kwanza," akasema.

Mkutubi hakuuliza kwa nini. Alichukua funguo zake, akaenda kutia petroli kabla kituo hakijafungwa.