Shombo Ndani ya Plasta

Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Swala, kwa sababu kila Jumamosi, baada ya kutoa mikate ya mwisho tanurini, alivua aproni akaenda kukimbia kilomita kumi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kutua katikati. Sasa zile kumi alizimaliza chini ya saa moja.

Asubuhi moja akakanyaga mafuta yaliyomwagika karibu na mashine ya kukandia unga. Mguu wa kushoto ukaenda kwake, mwili kwake. Hospitalini wakasema mfupa wa muundi umevunjika, wakamfunga plasta kutoka vidoleni hadi katikati ya paja. Wiki saba.

"Wiki saba!" alimwambia mumewe. "Mbio zote zile zimekwenda na maji."

Dada wa mumewe, wifi yake, akalivalia njuga suala hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kukimbia hata kuikimbia mvua, lakini alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na jibu la kila kitu. Akaja na chupa yenye kitu cha rangi ya matope: mayai mabichi manne, ini bichi, vitunguu saumu, vyote vimesagwa kwenye blenda.

"Misuli isikukimbie, wifi yangu. Ziba pua umeze."

Swala akaziba pua. Kile kitu kiliteremka polepole kama kamasi, kikaacha utando kwenye ulimi. Siku nzima akicheua, shombo ilirudi. Hata chai ikanuka ini. Lakini alikunywa siku ya pili, na ya tatu, kwa hofu ya kupoteza jasho la miaka miwili.

Siku ya sita, akiwa ameketi kitandani mguu umenyooka, alimeza kipande cha ini ambacho blenda haikukifikia. Kilikuwa laini, na kilikuwa na mshipa. Akatapika mapajani, na kabla hajapata kitambaa, matapishi yakatiririka kwenye mdomo wa plasta, yakazama ndani.

Hospitalini wakasafisha pale mkono ulipofika. Kuifungua plasta waliogopa, mfupa ulikuwa bado haujashika. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, akamsikiliza huku amekunja pua.

"Nani kakupa huo uchafu?"

"Wifi."

"Mwambie aache. Mama, nisikilize. Misuli ya mguu huu itapungua, sikudanganyi. Lakini ulichojenga hakifutiki kwa wiki saba. Kula chakula chako, maharage, mayai, ila yapikwe. Lala vya kutosha. Na huo mguu usiuache umelala tu: kaza paja humohumo ndani ya plasta, hesabu kumi, legeza. Mguu ule mwingine na mikono uifanyishe mazoezi kila siku."

Akaenda kufanya hivyo. Akikaza paja, joto lilipanda na uvundo ukatoka juu ya plasta kama pumzi ya mtu mgonjwa. Aligeuza uso, akahesabu kumi, akalegeza. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Alinyanyua pakiti za unga za kilo mbili akiwa kitini. Mumewe alihamia kwenye kochi, akasingizia mgongo.

"Sema tu nanuka," Swala alimwambia.

"Unanuka, mke wangu," akajibu kwa unyonge.

Siku ya kufungua, msumeno mdogo ulipopasua plasta, muuguzi kijana alirudi nyuma hatua mbili. Mguu uliotoka ulikuwa kama wa kuku aliyenyonyolewa: mwembamba, mweupe kwa magamba, nywele zimelala kwenye ukoko wa rangi ya kahawia. Swala akauona, mate ya kichefuchefu yakamjaa mdomoni. Hakutaka kuamini kwamba ni wake.

"Nyoosha goti, uinue," mtaalamu akasema.

Goti lilikuwa gumu kama mlango uliovimba, lakini mguu ukainuka. Ukatetemeka, ukakaa juu hadi kumi.

"Wengi siku ya kwanza hawafiki tatu," mtaalamu akasema.

Nyumbani, mumewe alileta beseni. Walibadilisha maji mara nne, na kila mara ngozi ilielea juu kama karatasi iliyolowa. Wifi alichungulia mlangoni, akajifunika pua kwa mtandio.

"Jamani, harufu gani hii?"

"Ingia uinuse vizuri," Swala akasema. "Ni mapishi yako."

Wifi hakuingia.

Swala alianza kwa kutembea hadi kwenye duka la pembeni. Mwezi wa tatu tangu plasta ifunguliwe alikimbia kilomita nne, akipumzika mara mbili njiani, na mapafu yalimtii kuliko alivyotegemea. Alikimbia kwa suruali ndefu, joto lote lile. Jioni aliupaka ule mguu mafuta bila kuutazama, macho ameyaelekeza ukutani, vidole vikipita harakaharaka juu ya muundi.