Kasha Lililoongezewa Kumbukumbu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, miwani yangu ipasuke sasa hivi nikiwa nimeivaa. Sikusimuliwa na mtu. Yalimpata jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mkaguzi wa mizani mstaafu, na mimi mambo ya upande wa pili wa ukuta huyasikia vizuri kuliko ya upande wangu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Injinia ingawa alikuwa anasomea kuchora majengo, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya sebuleni akisubiri ghorofa ligeuke. Lilikuwa ghorofa la mradi wake wa mwisho chuoni, na alitaka kuliona kwa nyuma. Alibofya, akaenda kuoga. Akarudi, akajipaka mafuta, akachana nywele. Ghorofa lilikuwa limefika ubavuni. Chini ya meza, kasha la kompyuta lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga, na juu yake mama yake alikuwa ameanika soksi, kwa sababu hapo zilikauka upesi kuliko kwenye kamba.

"Baba," alisema Injinia, "mradi unatakiwa Ijumaa. Kwa mwendo huu nitauwasilisha nikiwa na wajukuu."

Mzee alishusha gazeti. "Sema unachotaka."

"Laptop ya gemu."

"Ya nini?"

"Ya gemu."

Shangazi mtu, dada wa mzee, ambaye miaka saba iliyopita alikuja kwa siku mbili na alikuwa bado hajazimaliza, aliweka kikombe chini. "Kumbe chuoni mnacheza! Na sisi huku tunakuombea."

"Shangazi, ni jina tu. Ina kadi ya michoro yenye nguvu, ndiyo inayogeuza majengo. Baba anavaa viatu vya michezo kwenda sokoni. Kuna mtu amemuuliza leo amefunga mangapi?"

Mama mtu alicheka jikoni hadi kifuniko cha sufuria kikamponyoka.

"Laptop ya gemu tayari tunayo moja," alisema mzee.

Ni kweli ilikuwepo. Ilikuwa chumbani kwa kaka mtu. Alinunuliwa hiyo miaka mitatu iliyopita ili atafutie kazi, maana siku hizi kazi hutafutwa mtandaoni. Tangu hapo alikuwa anaitafuta mchana kutwa akiwa amevaa visikizi masikioni, na kazi yenyewe ilionekana kuwa na bunduki nyingi na magari yanayolipuka. Ukimwomba mashine alikuwa anajibu, "Niko kazini."

"Hili kasha letu tutaliboresha," aliamua mzee. "Chuma cha zamani ni chuma. Mwiteni fundi."

Fundi aliyekuja hakutaka kusikia neno la kigeni likitumika pale ambapo la Kiswahili lipo. Kwake mausi ni kipanya, na kibodi ni kicharazio. Alifungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi, akamulika tochi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Ubongo wake ni mzima," alisema. "Halina kumbukumbu, basi. Kuna nafasi nne tupu hapa. Kumbukumbu mnazo?"

Angesema ramu, ile kadi ya kompyuta, kama mafundi wenzake, mzee angevaa viatu vyake vya michezo akaenda dukani, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini alisema kumbukumbu, na mama mtu akamjibu kutoka jikoni:

"Hizo tunazo, mwanangu, mpaka tunakosa pa kuziweka."

Fundi alifurahi. Alisema za nyumbani ndizo bora, kwa sababu zimeshazoea umeme wa nyumba hiyo. Akawaeleza utaratibu. Mtu ataweka kiganja kwenye bati la ubavuni, atakumbuka jambo moja toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, kisha ataondoa mkono. "Ila ikishaingia hunayo tena," alisema. "Toeni zile mnazoweza kuishi bila."

Mzee alivuta mzani wake chini ya kitanda. Hakuwahi kupokea kitu maishani bila kukipima. Wakaliweka kasha juu ya mzani, na baada ya kubishana kidogo fundi akakubali kwamba robo kilo ihesabiwe kuwa gigabaiti moja.

Shangazi alitangulia. Alitoa ugomvi wake na mama wa nyumba ya mbele kuhusu ndoo iliyoazimwa ikarudi bila mshikio. Mzani ulishuka kilo nzima, kwa sababu katika miaka sita hakuwa amepoteza hata neno moja. Alipoondoa mkono alisogea dirishani akamwona yule mama anafagia. "Hujambo, shoga yangu! Za siku nyingi?" Yule mama aliingia ndani akafunga mlango kwa ufunguo.

Mama mtu alitoa chumba chao cha kwanza cha kupanga, usiku ule wa mvua walipohamisha kitanda pembe zote nne wakikimbia matone. Zikaingia gigabaiti mbili, na kasha likaanza kudondosha maji. Fundi aliomba bakuli, akaliweka chini yake, akasema hiyo si hitilafu.

Kaka mtu aliitwa. Alikuja na kisikizi kimoja sikioni, akaweka kiganja, akautoa mtihani wake wa mwisho na yote aliyokuwa ameyasoma kwa ajili yake. Mzani haukutikisika.

"Hii ilikuwa tupu tangu mwanzo," fundi alimwambia kwa upole. Kaka mtu akarudi kazini.

Ikabaki zamu ya mzee. Aliweka mkono, akafumba macho. Kwanza alifikiria siku aliyoanguka na pikipiki mtaroni mbele ya wakubwa zake wa kazi, akaona hapana, hiyo anapenda kuisimulia. Akafikiria mfanyabiashara mmoja aliyetia sumaku chini ya sahani ya mzani, akaona nayo bado ina faida, hujui utakutana na nani. Nyuma ya hizo akaikuta ya tatu, ile ambayo kila mara binti yake alipoleta matokeo ilikuwa inambana kama shati la ujana. Hakuitaja. Aliisukuma ndani yote, akaondoa mkono haraka.

Mzani ulishuka kwa kishindo.

"Hii ilikuwa nzito, mzee," alisema fundi. "Gigabaiti tisa na ushee."

"Hata sijui ilikuwa nini," alisema mzee, na hakuwa anadanganya. Alizungusha shingo kulia na kushoto, akavuta pumzi ndefu, akaomba chai.

Fundi alifunga kasha, akabonyeza kitufe. Halikunguruma. Lilikohoa kidogo, kama mtu anayeombwa aseme mawili matatu kwenye kikao, kisha likasema kwa sauti ya mzee mwenyewe:

"Ukiwa wa kwanza, mwanangu, laptop ni yako. Baba akisema, amesema."

Ndipo kioo kikawaka, na ghorofa likageuka lote mara moja, mbele, ubavu, nyuma, hadi matangi ya maji ya juu yakaonekana.

"Sauti hiyo naijua," alisema mama mtu, akifuta mikono.

"Ni siku ile kabla ya mtihani," alisema shangazi. "Nilikuwepo. Alikuwa amesimama hapo penye kabati."

"Na nikawa wa kwanza," alisema Injinia.

"Shule nzima."

"Na laptop ikanunuliwa," alisema mama mtu, na wote wakageukia mlango wa chumba cha kaka, ambako gari lilikuwa linalipuka.

Mzee alikuwa ameegemeza kidevu kiganjani, anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji mwingine. "Huyo bwana ana sauti nzuri," alisema. "Ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi?" Alijipekua kichwani kwa dakika nzima, kama mtu anayepapasa mifuko. "Hapana, mwanangu. Ningekumbuka."

"Msimlaumu," alisema fundi, akigonga kasha kwa bisibisi. "Iko humu. Yeye hanayo."

Injinia alimtazama baba yake, ambaye hakuwa na uso laini namna ile kwa miaka mitatu. "Unaweza kuitoa ukamrudishia?"

"Naweza. Ila ndiyo kubwa kuliko zote. Ikitoka, ghorofa lako litasimama palepale liliposimama asubuhi."

Tone moja lilianguka kwenye bakuli. Kama angeirudisha, baba angekumbuka alilomfanyia, lakini Ijumaa angekwenda chuoni na ubavu mmoja wa jengo. Kama angeiacha, angekuwa na jengo zima, na baba asiye na kosa.

"Iache," alisema Injinia. Akavuta kiti, akaanza kuchora ngazi.

Ijumaa kasha lilikwenda chuoni kwa mkokoteni, mama mtu akiwa pembeni na bakuli. Mbele ya wasahihishaji watatu Injinia aliliwasha, nalo likakohoa, likasema, "Ukiwa wa kwanza, mwanangu, laptop ni yako. Baba akisema, amesema." Ndipo jengo likageuka. Wasahihishaji waliuliza habari za nguzo, za mifereji, za mlango wa dharura. Mmoja, mwanamke mwenye kalamu nyekundu, akauliza:

"Na laptop ulipata?"

"Bado."

Akaandika "bado" kwenye fomu, pale penye maoni, wakaendelea na habari za paa.

Injinia alikuwa wa kwanza tena. Nyumbani walimpokea kwa vigelegele, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa mzee. "Mtoto wa namna hii anastahili zawadi," alimwambia kila aliyepita mlangoni. "Sijui baba yake anangoja nini."

Hadi leo kasha liko chini ya meza, linaahidi kila asubuhi, na kaka mtu bado anatafuta kazi.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini hadithi zangu huchapwa na binti yangu, kwa sababu mwandiko wangu hata mimi huusoma kwa kubahatisha, na jana alipofika mwisho hakuondoka kitini.

"Baba, huyu jirani ni yupi? Kushoto tuna kiwanja kitupu. Kulia tuna kinyozi, na kinyozi hana mtoto."

"Alihama."

"Sawa, alihama. Hapa umeandika alifumba macho, akafikiria pikipiki, akafikiria sumaku, akachagua ya tatu. Na umeandika hakuitaja. Sasa wewe ulijuaje alichokuwa anafikiria?"

"Mwandishi hujua."

"Akishatoa hakumbuki, umesema mwenyewe. Yeye hajui, wewe unajua hata ilikuwa inambana kama shati."

Niliangalia dari. Dari yetu ni nyeupe, haina cha kuangalia.

"Labda," nilisema, "hakusukuma yote. Labda alibakiza kipande kidogo."

"Cha kufanyia nini?"

"Cha kuandikia hadithi."

"Ahaa," alisema mwanangu, akazima kompyuta. "Basi hicho kinatosha na kununulia laptop. Vaa viatu, Baba."

Nilivaa. Dukani nililipa bila kuomba nipunguziwe hata senti, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, na muuzaji akaniuliza kama najisikia vizuri. Kijana wangu wa kiume alipoiona mpya akasema afadhali hiyo, maana ya kwake imekuwa nzito kikazi. Dada yake alipita nayo moja kwa moja chumbani.

aya hii naichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, nina saa nzima na robo hapa, mchapaji wangu yupo chumbani na mashine yake, anachora hospitali, amefunga mlango, nimemwita mara mbili aje anioneshe nukta inakaa wapi kwenye kibodi hii, amenijibu humohumo ndani kwamba nikitulia vizuri nitakumbuka