Koti la Vifungo Vikubwa

Sanduku la Phanice lilikataa kufungika, na Nyanchama alikuwa amelikalia akilishindilia kwa makalio mawili na maombi. Phanice hakuwa amekanyaga kwao Kebirigo kwa miaka minane. Makaratasi ndiyo yaliyomfunga huko Minnesota, leo kwa wakili, kesho ofisini, akabaki kuogesha na kulisha wazee wa watu huku mama yake mzazi akizeekea kwenye simu. Sasa makaratasi yametoka na kesho yake anapanda ndege. Ungemwona asubuhi ile ungedhani ni bibi harusi. Alikuwa akiimba, akipanga nguo na kuzipangua, akijichekea mwenyewe.

"Punguza kitu, dada," Nyanchama akasema. Huyu alikuwa mwenzake wa kazini, mzaliwa wa Kiogoro, na ndiye aliyempa Phanice godoro la kulalia siku ya kwanza ugenini. "Mzigo umezidi. Toa hili koti."

"Koti la Mama? Afadhali nitoe kichwa changu nikiache hapa."

"Si kule kuna makoti? Kisii mitumba imejaa."

"Mitumba! Wewe Nyanchama, wacha mchezo."

Lilikuwa koti la sufi, rangi ya damu ya mzee. Ndugu, binamu na majirani waliagiza simu, saa na viatu, na mmoja hakuona haya kuagiza televisheni, kana kwamba Phanice anakuja na meli yake. Mama yake, Nyanchera, kwa miaka yote minane aliagiza kitu kimoja tu: koti la kwendea kanisani siku ya Sabato, maana asubuhi za Kebirigo zina baridi inayoingia hadi kwenye mifupa. Tena liwe na vifungo vikubwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kuchuma chai, na vifungo vidogo vilikuwa vinamponyoka.

"Nataka nijifunge mwenyewe," alimwambia Phanice kwenye simu. "Nimechoka kufungwafungwa na mke wa kaka yako Manasseh kama mtoto wa chekechea."

Phanice akatafuta duka kwa duka. Alipokosa la kumridhisha, alinunua hilo, akang'oa vifungo vyake na kushona vingine vipana kama biskuti. Kila alipolitazama alimwona Mama akipita katikati ya kanisa, kidevu juu, akijifanya hajui kwamba anatazamwa.

Nyanchera alikuwa na mdomo, Mungu ampe nini tena. Persis, mke wa Manasseh, alipokuwa mjamzito alimtania mama mkwe kwamba mtoto akiwa msichana ataitwa Nyanchera. Ulikuwa utani mzito. Wagusii, kwa asiyewajua, hawampi mtoto jina la mtu anayepumua. Jina humngoja mwenyewe aondoke kwanza. Phanice mwenyewe, kwa jina la nyumbani, aliitwa Nyakerario kwa sababu bibi yake Nyakerario alizikwa mwezi ule ule aliozaliwa yeye. Basi Mama alicheka mpaka akakohoa, kisha akamjibu Persis, "Jina langu bado nalitumia. Tafuteni la marehemu."

Phanice alilikumbuka jibu hilo akacheka tena, akalirudisha koti sandukuni. Nyanchama hakucheka. Alikwenda dirishani akasimama kutazama theluji, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

Simu ikalia. Alikuwa Manasseh, kaka yake, na kwao Kebirigo ilikuwa jioni. Alitokea kwenye kioo amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nyuma yake Persis alikuwa amekaa na kichanga cha siku chache.

"Safari imefika, dada?"

"Imefika! Nipe Mama nimwambie koti liko juu kabisa ya sanduku."

"Mama amelala."

"Saa hizi? Kuku hata hawajaingia ndani!"

"Ni lile koo. Daktari alisema asizungumze, apumzike."

Koo hilo lilikuwa na wiki mbili sasa. Phanice aliguna, lakini furaha ni kitambaa cha macho, na alikuwa amejifunga nacho mwenyewe. Akauliza habari za mtoto. Ni msichana? Ni msichana. Mzima? Mzima kabisa, ana nguvu za kulia. Mmempa jina gani?

"Bado," Manasseh akajibu haraka. "Tunakungoja wewe ufike."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia pale pale. Mtoto alianza kulia, na Persis, amechoka, hakumbuki kwamba simu ina masikio, akamtikisa kifuani na kumbembeleza kwa lugha ya nyumbani. "Kira, Nyanchera. Kira, mama, kira."

Nyamaza, Nyanchera.

Manasseh aligeuka ghafla kumtazama mkewe. Persis akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha kioo kikawa cheusi, simu imekatwa.

Phanice alibaki amesimama na simu mkononi. Hakulia. Akili yake ilikimbia ukoo mzima ikitafuta Nyanchera mwingine, yeyote, aliyekufa zamani. Shangazi wa Nyamira? Huyo alikuwa Kemunto. Bibi wa upande wa Persis? Huyo alikuwa Moraa. Akapekua makaburi yote ya shambani, hadi lile lililomezwa na migomba, na hakukuwa na Nyanchera hata mmoja. Aliyemjua alikuwa mmoja tu, na alisema jina lake bado analitumia.

Alipogeuka alimkuta Nyanchama analia bila sauti.

"Nyanchama. Ulijua?"

"Nisamehe, dada."

"Ulijua! Umekaa juu ya sanduku langu, unaniambia nitoe koti la Mama, na unajua?"

"Nilishindwa kulitazama," Nyanchama akasema. "Kila ukilishika, moyo wangu unapasuka. Manasseh aliniomba nisiseme. Alisema ukijua utaanguka njiani, utashika ndege tatu na kilio peke yako. Watu wako Nairobi wanakungoja wakwambie wakikushika mkono."

Phanice akakaa chini sakafuni. Sasa kila kitu kilianza kusema. Wale akina mama wa kanisa waliokuja Sabato iliyopita na sufuria za chakula, wakamwombea hadi chai ikapoa. Alijiambia, kumbe napendwa hivi! Na msimamizi wa kazini, mwenye roho ya mawe, aliyempa likizo ndefu bila kunung'unika. Wote walijua. Aliyekuwa hajui ni mwenye mama peke yake. Hasira ilimpanda, akataka kumfukuza Nyanchama nyumbani kwake.

Kisha akamkumbuka Mogire, Mgusii mwenzao wa pale Minnesota. Mwaka juzi baba yake Mogire alipofariki, ni Phanice aliyemsindikiza uwanja wa ndege akimsimulia habari za hali ya hewa na bei ya ndizi, huku anajua. Aliona amefanya wema. Hakuwahi kufikiri wema huo unauma kiasi gani ukiwa upande wa pili. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kikubwa, na Nyanchama akaja sakafuni akamkumbatia, naye hakumsukuma.

Alipoweza kupumua alipiga simu. Ilipokelewa, akasikia mtoto analia upande wa pili.

"Manasseh, najua upo. Lini?"

"Siku ile niliyokwambia ni koo," kaka yake akasema, sauti imevunjika. "Moyo, dada. Alikuwa anachuma chai. Hata hospitali hatukufika."

"Mmemzika?"

"Tumzike bila wewe? Yuko Nyamira, mochari. Mazishi ni Ijumaa, ukishafika." Akavuta pumzi. "Usiwe na wasiwasi wa kitu. Kila kitu tayari. Persis ameshanunua nguo za kumvika, kesho tunazipeleka."

Phanice aliliangalia sanduku. Mkono wake ulianza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvitupa kitandani, saa, viatu, zawadi za binamu, mpaka pakabaki nafasi ya kutosha. Nyanchama akalikunjua koti, akalikunja upya vizuri, akaliweka katikati.

"Kesho msipeleke kitu," Phanice akasema. "Ningojeni. Nguo yake ninayo hapa."

"Lakini dada, wale wa mochari wanataka..."

"Nimesema msimvike, Manasseh. Asiguswe na mtu. Hivyo vifungo nitamfunga mimi."