Vifaru Vitano vya Yannick

Yannick aliposhuka kwenye ndege yake ya vita pale uwanja wa Bunia, hata kofia hajavua, alishatangaza: "Vifaru tano! Yote imekufa!" Basi ikawa shangwe. Wenzake wakambeba juu juu, na redio ikapeleka habari kwa komanda: vifaru vya adui kwenye barabara ya Gety vimekwisha, askari wa miguu waende kesho asubuhi. Katika hao wa kutangulia alikuwamo Élisée, kaka yake Yannick, tumbo moja.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Huyo ni Hubert, mwenye cheo cha ajida, fundi wa ndege, mzee wa mdomo mkali.

"Ulihesabu nini, mutoto?" akauliza.

"Vifaru, muzee."

"Wapi! Ulitupa roketi, ukageuka mbio, sababu na weye walikuwa wanakupiga. Uliona moto ao uliona vumbi? Moshi ilikuwa rangi gani?"

Yannick akaukumbuka ule moshi. Kifaru kikiungua hutoa moshi mweusi tititi, wa mazutu, yaani dizeli, na mipira. Moshi wa namna hiyo aliuona mmoja, nyuma kabisa ya msafara. Kwingine kote kulikuwa kwekundu, na wekundu ule ulikuwa udongo tu, huu huu unaochafua viatu vyake kila siku.

"Kifaru iko ngumu," Hubert akasema, sasa kwa upole. "Na toka kule juu iko kadogo. Marubani wote wanahesabu vumbi, si weye peke yako. Lakini vumbi inaanguka, kifaru inabaki. Muficha uchi hazai, mutoto. Enda useme."

Mungu wangu, zile hatua mia mpaka kwenye redio! Wenzake walikuwa bado wanaimba jina lake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Komanda, nilikosea. Niko na hakika ya moto moja tu."

Komanda akamporomoshea matusi ambayo siyarudii hapa. Kisha akawazuia askari, akatuma wapelelezi.

Wapelelezi walikuta vifaru vyote vitano vizima, vimejificha chini ya miti, mizinga imeelekezwa barabarani. Kilichoungua ni lori lililowabebea mazutu yote. Yannick aliposikia hivyo alimkimbilia Hubert, akamshika mikono yote miwili na grisi yake. "Aksanti, muzee. Aksanti sana." Siku ya nne, bila tone la mafuta, adui akaviacha vifaru vyake na kutoroka kwa miguu. Élisée na wenzake wakapita bila risasi hata moja.

Jumapili Élisée akafika nyumbani. Mama yao akapika bugali na sombe, majani ya muhogo, lakini Yannick akasogeza sahani yake pembeni.

"Kaka, ni mimi rubani mwenye alisema vifaru imekufa."

Élisée akaacha tonge hewani. "Weye?" Akalirudisha tonge kwenye sahani. "Siku ile mimi ningekuwa wa kwanza kwenye mustari. Tulikuwa tumefunga mizigo, tumeshaomba. Na yule aliita tena kwenye redio, akasema alikosea, ni nani?"

"Ni mimi vilevile."

Élisée akainuka, akamkumbatia na mkono wake wenye mboga.

"Kila asubuhi nilikuwa namuombea ule mutu," akasema, "na sikujua hata jina yake."

Yannick akalia waziwazi mbele ya mama yake, akamshukuru Mungu kwa ile aibu.