Mdhamini wa Nar Bahadur

Jumamosi ile ya tarehe ishirini na tano Aprili, mwaka 2015, Josphat Cheboi alikuwa akifunga turubai ya treila katika yadi ya kampuni, kusini mwa Riyadh, alipomwona Nar Bahadur Ghale akija mbio. Alishtuka. Nar hakuwa mtu wa kukimbia. Kabla ya kuja Saudia kupakia mizigo alikuwa mpagazi kwao Nepali, mtu wa kubeba mizigo ya watalii kwenye njia za theluji, na alizoea kusema kwamba anayekimbia mlimani hafiki.

Alikuwa ameshika simu. Kwa ule mchanganyiko wao wa Kiarabu cha yadi na Kiingereza, alieleza kwamba ardhi imetetemeka kwao Gorkha, na namba ya mkewe haipatikani. Aliipiga tena pale pale, mara nane, Josphat akiwa amesimama na kamba mkononi. Mara zote nane sauti ya mwanamke ilisema maneno yale yale ya Kinepali, na Nar hakuhitaji kumtafsiria.

Wawili hawa walikuwa wamefahamiana mwaka mmoja na miezi minane. Josphat alitoka Marakwet, kwenye ukingo unaoangalia bonde la Kerio, na jioni moja kambini walipokuwa wakimenya vitunguu waligundua kwamba babu zao wote wawili walipigana Burma chini ya Waingereza, mmoja katika jeshi la Wagurkha na mwingine katika jeshi la Waafrika wa Mashariki. Labda walipita kwenye matope yale yale. Tangu siku hiyo Nar alimwita Josphat dai, yaani kaka mkubwa, naye Josphat akamwita bhai, mdogo wangu.

Mchana habari zikaanza kuja. Mtu wa kijiji chao aliyekuwa akifanya kazi Qatar aliandika kwamba sehemu ya juu ya kijiji imeteremka yote pamoja na mlima. Nyumba ya Nar ilikuwa sehemu ya juu. Nar alikaa juu ya tairi bovu akihesabu kwa sauti ndogo. Kwao Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko, shule hufungwa. Kwa hiyo binti yake Asmi, wa miaka sita, hakuwa shuleni. Ardhi ilipotetemeka ilikuwa karibu saa sita mchana kwao. Suk Maya, mkewe, angekuwa jikoni au shambani kwenye viazi. Kama alikuwa shambani, yuko hai. Kama alikuwa jikoni, basi. Alirudia hesabu hiyo mpaka Josphat akamwomba anyamaze.

Josphat alijua maana ya mlima kuporomoka. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, alipokuwa kijana, udongo ulifunika nyumba ya mjomba wake, na wao walichimba kwa mikono siku mbili. Hakumwambia Nar walichokikuta.

Ili mtu atoke Saudia alihitaji kibali cha kafili, yule mwenyeji aliyemwandikisha kazi. Asubuhi iliyofuata walimwendea mandub, mshughulikia karatasi wa kampuni, Msudani mpole aliyeitwa Idris. Idris alisema yeye hana uwezo. Bosi, Abu Rakan, yuko Jeddah akipokea mitambo bandarini, na hapokei simu kuhusu likizo tangu wafanyakazi wawili waende kwao mwaka uliopita wasirudi. Idris alijaribu kumpigia mara tatu mbele yao. Halafu akafungua sefu, akatoa pasipoti ya Nar na kumkabidhi Josphat, si Nar.

"Jumatatu alfajiri unakwenda Jeddah kuchukua mzigo," alisema. "Mchukue. Akikubaliwa huko, asirudi hapa, aondoke moja kwa moja. Akikataliwa, nirudishie hii, na mimi sijakupa kitu."

Safari ni kilomita karibu mia tisa na hamsini. Nar hakula wala hakulala. Alishikilia simu karibu na kioo kana kwamba mtandao wa Nepali ungeingia dirishani. Kwenye kizuizi cha polisi baada ya mji wa Dhalm askari alitazama ikama zao, vile vibali vya ukaazi, akauliza kwa nini mpakiaji yuko ndani ya treila, na Josphat akadanganya kwamba ni msaidizi wake. Askari aliwatazama kwa muda mrefu kabla ya kuwaambia yalla, nendeni.

Walipokaribia Taif, milima ikajitokeza, mikavu, myeusi kwa chini. Nar alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Dai, mimi ndiye niliyejenga ile nyumba kwa mawe. Suk Maya alitaka mbao. Nikamwambia mbao ni za maskini. Pesa ya hapa ndiyo iliyonunua mawe."

Josphat alibadilisha gia. Aliendelea kuendesha. Mbele kidogo barabara iligawanyika, wasio Waislamu wakiambiwa wasiielekee Makka, na yeye Mkristo na mwenzake wa dini ya milimani wakafuata njia ya kuzunguka.

Waliingia Jeddah jioni. Josphat aliegesha karibu na Bandari, na kwa vile Abu Rakan alikuwa amekwishaondoka ofisini, walilala mtaa wa Ruwais katika chumba cha Justus, mlinzi kutoka Kitale aliyekuwa akiishi na Wakenya wengine watano. Huko ndiko simu ya Nar ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa kijiji, amepanda kilima kutafuta mtandao. Asmi yu hai, alisema. Alikuwa nje akichunga mbuzi wa bibi yake. Suk Maya alikuwa jikoni. Wamemtoa. Wamekwisha kumfanyia mazishi, hawakuweza kungoja.

Nar aliuliza swali moja tu, Justus alikumbuka baadaye, ingawa hakuelewa lugha. Josphat alimuuliza Nar amesema nini. Alikuwa ameuliza kama mwanawe alimwona mama yake akitolewa. Mwalimu hakujibu, labda simu ilikatika.

Asubuhi ya Jumanne walimkuta Abu Rakan kwenye ofisi ya bandarini, akinywa kahawa na wakala wa meli. Hakuwa mtu mbaya kwa sura wala kwa sauti. Alimpa Nar pole, akamwombea rehema, akamwambia aketi. Kisha akasema kwamba kibali hakiwezekani. Mitambo imefika, watu hawatoshi, na Wanepali kumi na wanane wengine wataomba vivyo hivyo kesho.

"Baba," alisema Josphat, "ni mtoto mmoja. Hana mama sasa."

"Na yule wa mwaka jana alikuwa na baba mgonjwa. Mpaka leo anaugua huyo baba." Abu Rakan aliweka kikombe chini. "Nani atanidhaminia kwamba huyu atarudi?"

Josphat alijua swali hilo lilikuwa la kuwafukuza tu. Pia alijua kwamba mwezi Juni ilikuwa zamu yake ya likizo, ya kwanza tangu aje. Keziah, binti yake, alizaliwa miezi mitatu baada ya yeye kuondoka. Damaris, mkewe, alikuwa amepaka nyumba rangi ili kumpokea. Alisikia mdomo wake ukisema, "Mimi."

Abu Rakan alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akatamka masharti taratibu ili asije akasema hakuelewa. Siku thelathini. Nar asiporudi, Josphat haendi likizo mwaka huu wala mwakani. Josphat aliitikia. Bosi akatoa simu, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kibali kilitoka kwa mtandao kabla kahawa haijapoa. Nar aliona jinsi ilivyokuwa kazi ndogo, na hapo ndipo alipolia.

Wanepali wa mtaa wa Sharafiya, wenye vibanda vya simu na mikahawa, walichangishana pesa za tiketi kufikia adhuhuri. Nar aliondoka Alhamisi, tarehe thelathini. Uwanjani alishika mikono ya Josphat yote miwili na kumwahidi atarudi, na Josphat akamwamini, kwa kuwa Nar alikuwa akisema kweli.

Alipiga simu baada ya siku tisa. Barabara ilikuwa imezibwa na maporomoko. Alitembea siku mbili na gunia la mchele mgongoni, akivuka mahali ambapo njia yenyewe haipo tena. Asmi alimtambua lakini hasemi. Hakubali kuingia chini ya paa lolote, hata la turubai. Analala nje, naye Nar analala kando yake kwenye umande. Hata hivyo mama yake Nar yuko, atamlea mtoto. Atarudi kwa wakati, dai asiwe na wasiwasi.

Tarehe kumi na mbili Mei ardhi ikatetemeka tena. Safari hii bibi yake Asmi alikuwa amerudi kwenye magofu kutafuta sufuria, na hakutoka.

Josphat alipata habari hiyo siku nne baadaye, na tangu hapo hakuweza kumpigia Nar. Aliogopa atakachosikia, na aliogopa zaidi anachokitamani. Usiku na mchana alitamani Nar arudi. Alijichukia na kuendelea kutamani. Damaris alimwuliza kwenye simu kama amekata tiketi, akasema bado, ofisi inachelewa.

Tarehe ishirini na saba Nar alipiga akiwa Kathmandu. Alikuwa kwenye uwanja wa ndege, tiketi mkononi.

"Mtoto yuko wapi?" Josphat aliuliza.

"Nimemwacha kwenye hema la shule. Mwalimu amekubali kumtunza."

"Alilia ulipoondoka?"

"Hakulia," alisema Nar. "Alinifuata mpaka darajani, akasimama. Hakusema kitu, dai. Mpaka sasa nafikiri bado amesimama pale."

Josphat alikuwa kwenye foleni ya malori. Alizima injini. Alifikiria ile nyumba iliyopakwa rangi. Alifikiria pia mikono yake mwenyewe ndani ya udongo wa mjomba, na jinsi binamu yake aliyebaki peke yake alivyokua akiruka kila mlango ulipofungwa kwa kishindo.

"Rudi darajani, bhai," alisema.

Nar alikataa. Walibishana mpaka salio la Nar likakaribia kwisha. Mwishowe Josphat alimfokea kwa mara ya kwanza, akamwambia kwamba akimwona yadini atamfukuza kwa mawe, kisha akakata simu na kuuweka uso wake juu ya usukani.

Abu Rakan hakugomba. Alifuta jina la Josphat kwenye orodha ya Juni, akamwambia, halas, imekwisha, ulijua mwenyewe. Kilichomuuma Josphat zaidi ni Damaris. Alipomweleza yote, Damaris alisema ana nguo za kuanua, akakata simu. Hakupokea simu wiki tatu. Katika wiki hizo Josphat alimlaani Nar kwa sauti barabarani, peke yake, kilomita kwa kilomita. Nar alipotuma picha ya banda la mabati lisilo na ukuta upande mmoja, ili Asmi akubali kulala ndani, Josphat aliitazama na hakujibu.

Damaris alipiga katikati ya Julai, Josphat akiwa bandarini akingoja treila ipakiwe.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniuliza."

Josphat alisema amekosa, na Damaris hakusema amesamehe. Alisema Keziah ana kikohozi, mahindi yamefika magotini, kanisani wameuliza lini anakuja. Halafu akamwekea mtoto simu sikioni. Josphat alisikia pumzi ndogo, nzito kwa mafua. Alimwita jina lake. Mtoto hakujibu, lakini hakuondoka pia. Nyuma ya Josphat malori yalianza kupiga honi kwa kuwa lango limefunguliwa, na msimamizi akamwashiria aingie. Aliendesha kwa mkono mmoja, polepole, akiendelea kumwita.